Wenye pumzi fupi nao wafanye mazoezi

Mazoezi ya aerobiki ni yale yanayoishughulisha misuli mikubwa ya mwili mfululizo kwa dakika nyingi huku ikitumia oksijeni: kutembea kwa kasi, kuendesha baiskeli, kupanda mlima, kucheza ngoma. Mtu mwenye mapafu mazima akifanya mazoezi hayo hadi mwisho wa uwezo wake, kinachomsimamisha ni moyo na miguu. Mwenye mapafu yaliyoharibika husimamishwa na pumzi. Miguu bado inaweza, kifua ndicho kilichogoma. Kwa ajili ya wagonjwa wa namna hiyo, madaktari na wataalamu wa fiziotherapia wamebuni utaratibu wa kumfanyisha mtu mazoezi akiwa amevaa barakoa iliyounganishwa na mashine ndogo, ambayo humsukumia hewa kila anapovuta pumzi. Hakuna mrija unaopitishwa kooni wala tundu linalotobolewa shingoni. Hewa hupita puani na mdomoni, njia yake ya siku zote, ila inapita ikiwa na msukumo.

Sirari, mji wa mpakani wilayani Tarime, mkoani Mara, ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili, kwa kuwa karibu kila chanzo cha maradhi sugu ya mapafu kinapatikana hapo au jirani. Barabara kuu itokayo Mwanza na Musoma huvuka hapo kuingia Isebania, Kenya, na riziki ya wengi hutegemea nguvu za mwili: kubeba mizigo, kusukuma mikokoteni, kulima mahindi, ndizi na kahawa kwenye miteremko. Nyumbani chakula hupikwa kwa kuni au mkaa, mara nyingi katika jiko lenye mlango mmoja na paa lililoshika masizi. Tumbaku hulimwa na Wakurya wa pande zote mbili za mpaka, na majani yake hukaushwa kwa moto wa kuni kwenye mabani. Huko Nyamongo, wilaya hiyohiyo ya Tarime, karibu na mgodi mkubwa wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002, wachimbaji wadogo hupasua mawe na kuyasaga kwenye makarasha. Vumbi la mawe hayo lina silika, madini yanayoyajeruhi mapafu hadi yakaota makovu. Juu ya yote hayo kipo kifua kikuu, ambacho humpata kwa urahisi zaidi mtu aliyevuta silika, na ambacho hata kikitibiwa kikaisha huweza kuacha mapafu yenye mashimo na makovu.

Ukubwa wa tatizo vijijini umeshapimwa Afrika Mashariki. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanywa Masindi, magharibi mwa Uganda: asilimia 16.2 ya watu wenye zaidi ya miaka 30 walikutwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule ambao hospitalini huitwa COPD. Utafiti wa kijijini Tanzania, uliochapishwa mwaka 2018, ulipata asilimia 17.5 miongoni mwa wenye miaka 35 na kuendelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huo uliua watu milioni 3.5 duniani mwaka 2021. Shirika hilo linaeleza pia kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, sigara huchangia asilimia 30 hadi 40 tu ya wagonjwa, na moshi wa majumbani ni miongoni mwa vyanzo vikubwa. Kwa hiyo mama ambaye hajawahi kushika sigara anaweza kuwa na mapafu yaliyoziba sawa na ya mvutaji wa miaka mingi. Wengi wa akina mama hao huambiwa kuwa wana pumu, au kwamba ni uzee, wakapewa dawa ya kikohozi na kurudishwa kulekule kwenye moshi.

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa wa COPD anashindwa kuingiza hewa. Shida yake kubwa iko kwenye kuitoa. Vijia vidogo vya hewa vimevimba na kulegea, na mgonjwa anapotoa pumzi vinajikunja na kufunga kabla hewa haijaisha ndani. Akiwa amekaa ana muda wa kutosha, pumzi hutoka polepole na maisha yanaendelea. Akianza kutembea, mwili unadai pumzi za haraka. Muda wa kutoa hewa unapungua, na kila pumzi huacha mabaki. Baada ya dakika chache kifua kimejaa hewa ya zamani, na kuvuta pumzi mpya huwa kama kuongeza mahindi kwenye gunia lililokwisha kujaa. Kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hubonyezwa chini hadi kikawa bapa, na msuli uliokaa hivyo hauna nguvu ya kuvuta. Mgonjwa hukaza shingo, hupandisha mabega, husimama akishika magoti. Watu wanaomtazama huona mtu aliyechoka, kumbe ni mtu ambaye mapafu yake hayana nafasi tena.

Misuli ya kupumua nayo hula oksijeni. Kwa mtu mzima wa afya anayefanya kazi nzito, misuli hiyo huchukua kama asilimia 10 hadi 15 ya oksijeni yote inayotumiwa na mwili. Kwa mwenye mapafu mabovu sehemu hiyo huwa kubwa zaidi, na damu inayokwenda kifuani ni damu iliyopaswa kufika mapajani. Miguu inapokosa oksijeni ya kutosha huanza kutengeneza asidi ya laktiki mapema. Asidi hiyo huongeza hewa ya ukaa katika damu, na hewa ya ukaa inapozidi, ubongo unaamuru kupumua kwa kasi zaidi. Kifua kilichokwisha kulemewa kinaongezewa mzigo na miguu. Mgonjwa akishaionja hali hiyo mara kadhaa huacha kutembea. Anatuma watoto sokoni, analeta kigoda hadi mlangoni, na misuli ya mapaja inanyauka kwa kukosa kazi. Msuli ulionyauka huchoka haraka na kutoa asidi mapema zaidi, kwa hiyo safari ya mwezi ujao itamshinda karibu zaidi na nyumbani.

Mzunguko huo ndio unaovunjwa na mazoezi. Hayazibui mapafu: spirometa, kifaa cha kupima pumzi, baada ya wiki nane za mazoezi hutoa takribani namba zilezile za mwanzo. Kinachobadilika ni miguu. Misuli inayozoezwa huongeza kapilari za damu na mitokondria, vile vinu vidogo vya nguvu ndani ya seli, kisha inafanya kazi ileile kwa asidi kidogo. Asidi ikipungua, hewa ya ukaa inapungua, na kifua kinadaiwa pumzi chache zaidi kwa mwendo uleule. Mapitio makubwa ya tafiti ya taasisi ya Cochrane mwaka 2015 yalikusanya majaribio 65 yenye wagonjwa 3,822 wa COPD na kuonyesha kuwa mazoezi hupunguza kukosa pumzi na uchovu, na kuongeza umbali anaoweza kutembea mgonjwa. Ushahidi ulikuwa mzito kiasi kwamba Cochrane ilisema hapakuwa na haja tena ya majaribio ya kulinganisha mazoezi na huduma ya kawaida. Dawa chache za mapafu zimewahi kufikia hadhi hiyo, na inasikitisha kwamba tiba yenye ushahidi kiasi hicho ndiyo isiyoandikwa kwenye cheti cha mgonjwa wa kawaida.

Mawazo ya zamani yalikuwa kinyume. Mwenye kifua kibovu aliambiwa apumzike, na hospitali za kifua kikuu zilijengwa mahali penye baridi na hewa safi ili wagonjwa walale. Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa hao na hadi leo ni hospitali ya taifa ya maradhi ya kuambukiza. Huko Uingereza, katika hospitali ya Frimley, daktari Marcus Paterson alikuwa ameshathubutu tangu mwaka 1905 kuwapa wagonjwa wa kifua kikuu kazi za kupandishwa hatua kwa hatua, kuanzia kutembea, kisha kubeba vikapu, hatimaye kuchimba kwa koleo. Wazo lake halikuenea. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1960, kule Denver nchini Marekani, Thomas Petty na wenzake walipojenga mpango kamili wa mazoezi kwa wenye COPD, baadhi yao wakitembea na mitungi ya oksijeni.

Barakoa ina historia yake tofauti. Mwaka 1981 Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alieleza jinsi hewa inayosukumwa puani kwa mgandamizo wa kudumu inavyozuia koo kuziba usingizini. Muda si mrefu zikatengenezwa mashine za migandamizo miwili: mkubwa wakati wa kuvuta pumzi, mdogo wakati wa kuitoa. Kila mgandamizo una kazi yake. Ule mdogo, kwa kawaida kati ya sentimita 4 na 6 za maji, hushikilia vijia vya hewa vibaki wazi hadi hewa ya zamani itoke. Ule mkubwa, sentimita 10 au zaidi, huchukua sehemu ya kazi ya kiwambo. Ifahamike kuwa mashine hii ni tofauti na mtungi au mtambo wa oksijeni. Oksijeni huongeza ubora wa hewa inayoingia. Barakoa yenye mgandamizo hupunguza jasho la kuiingiza. Mgonjwa anaweza kuhitaji kimoja, vyote viwili, au asihitaji chochote kati ya hivyo.

Kuunganisha barakoa na mazoezi kunafuata hesabu rahisi. Kama kifua ndicho kinachomsimamisha mgonjwa kabla miguu haijapata kazi ya kutosha, basi kifua kisaidiwe ili miguu izoezwe ipasavyo. Katika utafiti mdogo wa Uingereza wa mwaka 2002, wagonjwa wenye COPD kali walioendesha baiskeli ya mazoezi wakisaidiwa na mashine kwa wiki 6 waliweza kufanya kazi nzito kuliko wenzao wasiosaidiwa. Mwaka huohuo, watafiti wa Italia hawakuona faida ya ziada, na baadhi ya wagonjwa wao walishindwa kuivumilia barakoa. Mwaka 2006 Waholanzi waliwafanyisha mazoezi wagonjwa 29 kwa wiki 8, wengine kwa mgandamizo wa sentimita 10 na wengine kwa 5. Waliopata mgandamizo mkubwa waliendelea zaidi. Cochrane ilipoyakusanya majaribio ya aina hii mwaka 2014 ilipata 6 tu, yenye wagonjwa 126 waliomaliza. Hukumu yake ilikuwa ya tahadhari: barakoa inaweza kumwezesha mgonjwa kufanya mazoezi makali zaidi, lakini haikuthibitika kwamba maisha yake ya kila siku yanakuwa bora kuliko ya aliyefanya mazoezi bila barakoa.

Kwa maneno mengine, tiba yenyewe ni mazoezi. Barakoa ni msaidizi wa wachache: wale ambao hata dakika mbili za kutembea polepole zinawashinda, wenye hewa ya ukaa iliyojaa katika damu, au wanaotumia mashine hiyo tayari usiku. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Kifua cha Uingereza wa mwaka 2013 unakaribiana na msimamo huo. Unataka anayetumia mashine kwa muda mrefu apewe nafasi ya kuitumia pia kwenye mazoezi, na hautaki mashine ianzishwe kwa ajili ya mazoezi peke yake.

Matumizi ya usiku yana ushahidi wenye nguvu zaidi. Katika utafiti wa Ujerumani na Austria uliochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 195 wa COPD waliokuwa na hewa ya ukaa iliyozidi waligawanywa makundi mawili. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 33 ya waliopata tiba ya kawaida walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 12 ya waliolala na barakoa zenye mgandamizo mkubwa wa kutosha kushusha hewa hiyo. Misuli ya kupumua iliyopumzishwa usiku huamka na nguvu ya mchana, na hapo mazoezi hupata pa kuanzia. Ikiwa mashine moja tu inapatikana na umeme ni wa kubahatisha, saa za usiku ndizo zinazostahili kutangulizwa kuliko nusu saa ya baiskeli.

Mfano ulio karibu na Sirari unatoka Kampala. Katika Hospitali ya Mulago, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wakishirikiana na wenzao wa Uingereza waliwafanyisha mazoezi watu waliomaliza matibabu ya kifua kikuu lakini wakabaki na mapafu mabovu. Mpango ulikuwa wa wiki 6, vipindi viwili kwa wiki, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Walianza watu 34, na 29 walimaliza. Umbali waliotembea katika kipimo cha kwenda na kurudi baina ya koni uliongezeka kwa wastani kutoka karibu mita 300 hadi karibu mita 380. Umri wao wa wastani ulikuwa kama miaka 45, ilhali wagonjwa wa Ulaya wanaopata huduma hii kwa kawaida wameshastaafu. Hawa wa Kampala walikuwa na watoto wa kusomesha na kazi za kurudia. Hakuna barakoa iliyotumika, wala vifaa vya gharama.

Kwa mji kama Sirari, jambo hilo lina maana kubwa. Kinachohitajika kuanza ni uwanja ulio sawa, koni mbili, saa yenye mshale wa sekunde, viti imara visivyo na magurudumu, kipima oksijeni cha kidoleni, na mtu aliyefundishwa. Wataalamu wa fiziotherapia wanafunzwa nchini, KCMC mjini Moshi ikiwa miongoni mwa vyuo vya siku nyingi, lakini muuguzi au tabibu wa kituo cha afya anaweza kusimamia kundi akielekezwa vizuri. Mgonjwa hupimwa kwanza: atembee dakika 6 kwa kasi yake, umbali uandikwe. Ongezeko la mita 30 kwa kipimo hicho ndilo linalohesabiwa kuwa la maana kwa mgonjwa mwenyewe. Kisha hupangiwa kutembea kwa vipande, dakika mbili za mwendo na moja ya kupumzika, hadi jumla ifike dakika 20, baadaye 30, mara mbili au tatu kwa wiki kwa muda wa wiki 6 hadi 12. Kasi inayotakiwa ni ile inayomwacha akiweza kusema sentensi fupi bila kuweza kuimba. Katika kipimo cha Borg, ambacho mgonjwa hutaja uzito wa kuhema kwake kwa namba 0 hadi 10, hiyo ni kati ya 4 na 6. Kusimama na kuketi kitini bila kushika, na kunyanyua chupa za maji au mfuko mdogo wa mchanga, huongeza nguvu ya mapaja na mabega, na kwa mtu anayeishi kwa kubeba mzigo mabega yana haki yake.

Yapo pia mafunzo ya pumzi yasiyohitaji umeme. Mgonjwa huvuta hewa puani, kisha huitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, muda wa kutoa ukiwa mara mbili ya ule wa kuvuta. Midomo iliyobanwa hurudisha mgandamizo kidogo nyuma hadi kwenye vijia, na kuvizuia visifunge mapema. Ni kazi ileile ya mgandamizo mdogo wa mashine, kwa kiasi cha chini, na watu wenye COPD mara nyingi huigundua wenyewe bila kufundishwa.

Mwinuko wa nchi lazima utiwe hesabuni. Nyanda za Tarime zimepita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na Dar es Salaam au Tanga. Mwenye afya halihisi hilo. Mwenye mapafu mabovu huweza kushuka oksijeni haraka apandapo mlima, kwa hiyo kipima oksijeni kivaliwe wakati wa zoezi lenyewe, na kikionyesha chini ya asilimia 88 mgonjwa apumzike hadi irudi. Anayeshuka kila mara anahitaji kupelekwa mbele, Musoma au Bugando jijini Mwanza, akapimwe gesi za damu na kuamuliwa kama anahitaji oksijeni, barakoa, au vyote.

Kuhusu barakoa ipo tahadhari isiyoweza kurukwa katika eneo lenye kifua kikuu. Mashine hii hutawanya hewa aliyoitoa mgonjwa, pamoja na vijidudu kama vimo. Makohozi yapimwe kwanza, kwa kipimo cha GeneXpert pale kilipo, na mwenye kifua kikuu cha kuambukiza amalize hatua ya awali ya dawa hadi makohozi yawe safi kabla ya kuchanganyika na wenzake. Mazoezi ya kundi yafanyike nje, kivulini; hali ya hewa ya Sirari inaruhusu hilo siku nyingi za mwaka. Mapafu yenye mashimo makubwa yaliyoachwa na kifua kikuu au silika yanaweza kupasuka na kuvujisha hewa kifuani yakisukumwa kwa mgandamizo, kwa hiyo picha ya eksirei hutangulia. Barakoa haifai kwa anayetapika, aliyechanganyikiwa, au mwenye jeraha usoni. Na mazoezi yenyewe husitishwa kwa anayekohoa damu, mwenye homa, mwenye maumivu ya kifua, au mwenye ugonjwa wa moyo usiodhibitiwa.

Mgonjwa anayefaa kuvaa barakoa huizoea kwanza akiwa amekaa, kwa siku kadhaa, mgandamizo ukianzia chini na kupandishwa kadiri anavyouzoea. Barakoa inayofunika pua na mdomo ndiyo inayofaa zaidi, kwa sababu mtu anayehema hupumulia mdomo. Baiskeli ya kukaa ni rahisi kuliko kutembea, kwa kuwa mrija una urefu wake. Mashine ndogo isiyo na kipasha maji haihitaji umeme mwingi na inaweza kuendeshwa na betri. Kikwazo ni bei yake na kwamba, nchini, mahali pake pa kawaida ni wodi za wagonjwa mahututi. Hospitali za rufaa zenye mashine hizo zingeweza kuanza na wagonjwa wao wanaoruhusiwa kwenda nyumbani baada ya kuzidiwa, kwani hao ndio walio katika hatari kubwa ya kurudi.

Moshi nao usiachwe nje ya mazungumzo. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mgonjwa aliyetembea nusu saa asubuhi, kisha akainamia mafiga jioni nzima, anajenga miguu huku akiendelea kupoteza mapafu. Ng'ambo ya mpaka, Kaunti ya Migori, mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa unawasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharage. Kwa familia zilizokuwa zikikesha kwenye mabani, hiyo pia ni huduma ya mapafu.

Faida ya mazoezi haidumu yenyewe. Mgonjwa akiacha, nguvu alizopata huanza kupungua ndani ya miezi 6 hadi 12, na homa moja kali ya kifua inaweza kuzimaliza kwa wiki mbili. Kwa sababu hiyo mpango wa wiki 6 hadi 12 huendelezwa nyumbani kwa kutembea nusu saa karibu kila siku, kwa njia inayojulikana na isiyo na mlima mkali, huku umbali wa dakika 6 ukipimwa upya kila baada ya miezi mitatu au minne. Aliyepungua mita 30 au zaidi anapaswa kurudishwa kwenye kundi bila kusubiri alale hospitalini.